Kumpokea askari mstaafu Kigoma: kabla ya treni, siku ya shughuli na miezi inayofuata

Kosa kubwa hufanyika wiki mbili kabla: ndugu wanapanga sherehe, mwenyewe hajaulizwa. Mpigieni simu mumuulize mambo matatu. Anataka watu wangapi? Anataka shughuli siku ya kufika au baadaye? Kuna mwenzake aliyetangulia ambaye angependa atajwe kwenye dua? Akisema "wachache, na si siku ya kwanza", msimbishie. Mtu aliyetoka Dar es Salaam kwa Reli ya Kati amekaa ndani ya behewa zaidi ya siku nzima, anawaza maji ya kuoga na kitanda. Stesheni waende wanne au watano na bajaji ya mizigo. Shughuli ingoje Jumamosi au Jumapili ya wiki inayofuata.

Mkishikilia kufanya siku hiyohiyo, kumbukeni treni huchelewa. Akipiga simu yuko Kaliua, wapishi walale. Akivuka Uvinza ndipo mchele uoshwe. Wali uliopikwa mapema na kurudishwa jikoni mara mbili huwa bokoboko, na wageni wataukumbuka kuliko hotuba.

Kwa watu 60: mchele kilo 12, maharage kilo 6 yaliyolowekwa usiku mzima, mawese lita 3, na migebuka mikubwa 40 iliyokatwa vipande viwili viwili. Hapo vipande 20 vinabaki kwa wanaokuja bila kualikwa, nao hawakosekani. Mawese yasiachwe yakatoa moshi, yatachachuka ladha na samaki wote wataharibika.

Sare ya familia iwe kitenge. Msishone fulana, kofia wala vilemba vya kitambaa cha mabaka ili kumfurahisha mwanajeshi wenu. Sheria inamkataza raia kuvaa mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia kuyasalimisha. Aibu ya mstaafu kuona shangazi zake wakihojiwa siku ya mapokezi yake ni kubwa. Medali zake, akipenda kuzivaa, zikae kifua cha kushoto. Msizisugue kwa majivu wala dawa ya meno: kitambaa kikavu kinatosha, na utepe msiuanike juani maana rangi hupauka.

Bendera ya Taifa hutundikwa kinyume mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kijani kiwe juu, upande wa mlingoti. Bluu iwe chini, upande unaopepea. Isitandikwe mezani wala kufunikia spika.

Sasa kelele. Hapa ndipo nia njema huumiza. Fataki ziachwe kabisa. Vijana wa bodaboda wanaosindikiza waambiwe mapema wasipigishe ekzosi mlipuko, kwa sababu mwili wa aliyewahi kushambuliwa hauulizi kwanza kama ni pikipiki au risasi. Ngoma si tatizo, mradi ianze kwa taarifa na iishe saa nne usiku. Kiti chake achague mwenyewe. Wengi hukwepa kukaa wakiupa mlango mgongo. Akilala, asiguswe wala kutikiswa: simama mlangoni, mwite kwa jina. Watoto wafundishwe hivyo siku ya kwanza.

Wasemaji wasizidi wanne, dakika tatu kila mmoja, na mshereheshaji ashike saa. Dua au sala ije kabla ya chakula. Majina ya wenzake yaandikwe kwenye karatasi ili msomaji asibabaike. Vijana wamsalimie "shikamoo" kama mzee mwingine yeyote. "Afande" liacheni kwa waliotumikia naye, mpaka aseme linampendeza. Kinywani mwa jirani huweza kusikika kama dhihaka. Na kama mstaafu ni mama, pongezi apewe yeye, si mumewe. Hili linasahaulika kila mara.

Swali la "uliua wangapi?" lipigwe marufuku nyumbani. Ulizeni kuhusu chakula cha kambini, marafiki, miji aliyoiona. Akinyamaza, nyamazeni naye. Yapo mambo aliyoapa kutoyasema, na yapo asiyoyaweza.

Kiinua mgongo huleta ndugu wasiojulikana. Shauri letu: miezi mitatu ya kwanza asinunue gari, asikopeshe, asiingie ubia. Kwenye familia, mtu mmoja tu apewe kazi ya kusema "hapana" kwa niaba yake. Anayepiga simu akidai atumiwe hela ili aharakishe mafao ni tapeli. Barua za kustaafu zitolewe nakala na zihifadhiwe nyumba mbili tofauti, kwa kuwa uhakiki wa wastaafu ukitangazwa, asiye na karatasi huhangaika. Mwenyekiti wa mtaa naye asimkabidhi sungusungu wiki ya pili. Ametoka kulinda, mwacheni alime kwanza.

Mkiona halali, anashtuka hovyo, anakunywa kuliko alivyozoea au anajifungia ndani zaidi ya mwezi, msiseme karogwa. Nendeni naye Hospitali ya Maweni, na aongozane na mtu anayemwamini. Akitaja kujidhuru, msingoje kesho.

Mwaka wa kwanza ukifika 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mtaa unaweza kuwa na kumbukumbu yake ndogo. Kwenye maadhimisho ya kitaifa huwekwa mkuki na ngao, sime, shada la maua, upinde na mshale, na shoka. Mtaani shada moja na dakika moja ya ukimya vinatosha. Waiteni pia wazee wa vita vya Kagera, pamoja na mgambo waliokwenda kisha wakarudi kwenye mashamba yao. Msidai vyeti mlangoni. Aliyekuwa na miaka 20 mwishoni mwa 1978 leo miguu haimruhusu kusimama muda mrefu: viti viwe kivulini, maji yawe karibu, ukimya auadhimishe akiwa amekaa, na nauli ya bajaji ya kumrudisha Ujiji au Mwanga ilipwe kabla hajapanda.