Dizeli inayopiga stata kivivu Lushoto asubuhi: pima kabla ya kununua betri

Gari la dizeli linalolala Chumbageni au Raskazone, mjini Tanga jirani na bahari, linaweza kuwaka bila shida miezi yote. Lipandishe Lushoto, kule milimani, kati ya Juni na Agosti, lilale nje usiku mmoja, na alfajiri stata inajivuta mara mbili tatu halafu inanyamaza. Wengi hukimbilia betri mpya siku hiyohiyo. Lakini baridi ya nyuzi 10 hivi haina nguvu ya kuishinda dizeli iliyo nzima. Inachofanya ni kufichua udhaifu ambao joto la pwani lilikuwa likiubeba: waya zilizoliwa na chumvi, betri iliyochoka, oili nzito au stata iliyolika.

Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa inayobanwa ndani ya silinda, na hewa hiyo inapata joto la kutosha pale tu pistoni inapopanda kwa kasi. Ikipanda polepole, hewa inavuja kwenye ringi na joto linaliwa na kuta za silinda. Chini ya mizunguko 100 hivi kwa dakika injini nyingi haziwaki, hata nozeli ziwe mpya. Wakati huohuo baridi imeipunguzia betri nguvu na kuifanya oili iwe nzito.

Kwanza tenganisha matatizo mawili yanayochanganywa kila siku. Stata ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini gari haliwaki, tazama bomba la moshi. Moshi mweupe maana yake mafuta yanafika ila hayaungui, na wa kushukiwa ni hita plagi (plagi zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha) au mbano wa silinda. Pasipo moshi kabisa, mafuta hayafiki: kuna hewa kwenye mabomba ya mafuta, filta imeziba au solenoidi ya kuzimia (vali ya umeme inayokata mafuta) haifunguki. Dizeli kuganda usiisumbukie, kwa kawaida nyuzi 10 hazigandishi mafuta. Ila stata yenyewe ikizunguka kivivu, fuata vipimo vinavyofuata kwa mpangilio huu, asubuhi, kabla injini haijapata moto.

Unahitaji multimita (mita ya kupimia umeme), msaidizi wa kushika ufunguo, na gari liwe frii na hendibreki juu. Chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia kwenye pampu ya nozeli ili injini izunguke bila kuwaka. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, kisha ipumzishe dakika moja au mbili, kwa sababu stata inaungua kwa joto la kulazimishwa.

Pima betri ikiwa imetulia. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Ikiwa chini ya 12.4, ichaji ijae kwanza, maana vipimo vyote vya betri yenye njaa vitakudanganya. Betri ya kufunguka vifuniko ipime kwa haidrometa pia (kifaa cha kupima uzito wa asidi): seli moja ikitofautiana na wenzake kwa zaidi ya 0.050, betri hiyo inaelekea kufa hata kama volti zake zinapendeza. Angalia na ukubwa wake. Mtu aliyewekewa betri ndogo ya N50 mahali pa N70 iliyo kubwa ataendesha Tanga bila kujua, na atajua Lushoto.

Sasa piga stata huku mita ikiwa kwenye vichwa vya betri. Volti zisishuke chini ya 9.5 hivi. Gari la volti 24 lenye betri mbili, pima kila betri peke yake, kwa sababu moja mbovu huiangusha nzima. Hapa ndipo watu hukosea hukumu. Volti zikiporomoka, ama betri ni dhaifu, ama stata au injini inavuta umeme mwingi kupita kiasi. Volti zikibaki juu, tuseme 11, na stata bado inajivuta, betri haina kosa: umeme unakwama njiani. Klampu mita ya umeme wa DC, inayobanwa kwenye waya kupima ampea, inamaliza ubishi. Stata nyingi za volti 12 kwenye dizeli huvuta kati ya ampea 150 na 300. Umeme mdogo na mzunguko wa polepole ni kizuizi kwenye waya au kopa za stata (vipande vya shaba vinavyopitisha umeme ndani yake), au betri dhaifu. Umeme mwingi na mzunguko wa polepole ni stata inayosugua ndani au injini nzito.

Kwa magari ya pwani kipimo chenye thamani kuliko vyote ni cha volti zinazopotea kwenye waya. Weka ncha nyekundu juu ya kichwa chenyewe cha risasi cha chanya, si kwenye kibano, na nyeusi kwenye bolti kubwa ya stata. Msaidizi apige stata. Zaidi ya volti 0.5 ni hasara kubwa. Kisha upande wa hasi: nyeusi kwenye kichwa cha hasi, nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini. Hapo isizidi 0.3. Ukipata kosa, sogeza ncha moja kiungo kwa kiungo hadi namba iruke. Kati ya kichwa cha betri na kibano chake, hata 0.1 inatosha kukuambia safisha.

Mkosaji wa kawaida ni ule mkanda wa waya uliosukwa kati ya injini na chasisi. Unakaa chini, unapigwa na tope na hewa ya chumvi, unaoza ndani huku juu ukionekana mzima. Ukioza, hita plagi nazo zinapata umeme pungufu, kwa hiyo gari linapata hasara mara mbili. Fungua, futa kutu hadi chuma king'ae, funga, ndipo upake grisi. Vichwa vya betri vioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi soda, yasiingie kwenye seli, na anza kufungua hasi. Waya mpya uwe mnene, milimita za mraba 50 kwa dizeli kubwa. Waya mwembamba wenye ganda nene unauzwa sana, na ganda halipitishi umeme.

Waya zikiwa safi, shusha stata. Tazama kopa za solenoidi, urefu wa kaboni, na bushi. Bushi zikilika, rota inasugua ndani na kuacha mikwaruzo inayong'aa. Stata ikijivuta hata injini ikiwa ya moto, hiyo nayo inaweza kuwa dalili ya kosa la hapa.

Hita plagi zipime baridi. Ondoa bamba linaloziunganisha, pima kila moja: nyingi husoma kati ya omu 0.5 na 2, baada ya kutoa upinzani wa waya za mita. Isiyosoma kitu imekufa. Usiziunge na betri moja kwa moja bila kujua volti zake. Baadhi ni za volti 5 hivi na huungua papo hapo. Wala usipulize spirei ya kuwashia kwenye injini yenye hita plagi, inaweza kulipuka ndani na kuvunja pistoni.

Oili ichunguze mwisho. SAE 40 au 20W-50 inayofaa joto la Tanga inakuwa nzito alfajiri ya Lushoto. Kama kitabu cha gari kinaruhusu, 15W-40 huzunguka kwa wepesi zaidi. Na stata ikigonga mara moja injini ikasimama ghafla kama imegongana na ukuta, acha kabisa. Huenda maji yameingia silinda. Ondoa hita plagi zote, zungusha kwa mkono kwenye bolti ya puli ya krankshafti, uone kama maji yanatoka.