Kumhamisha Kasuku wa Kijivu Uingereza: Kibali Kinavyoombwa

Kabla hujagusa fomu ya kuomba kibali cha kumhamisha kasuku wa kijivu, chukua cheti chake rasmi na utafute kisanduku cha mahali palipoidhinishwa kumfugia. Kisanduku hicho kinawahusu hasa wanyama waliokamatwa porini. Kasuku aliyeanguliwa kizimbani kwa kawaida hana anwani humo, wala hahitaji kibali hiki. Lakini wapo waliotolewa misitu ya Afrika kabla Ulaya haijapiga marufuku kuingiza ndege wa porini mwaka 2005, na bado wanaishi, kwani kasuku ana umri mrefu. Tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini; hilo ni daraja la ulinzi mkali kabisa. Ukikuta anwani imeandikwa, usimwondoe hapo mpaka kibali kitoke.

Ombi linapelekwa APHA, wakala wa serikali wa afya ya wanyama na mimea. Jaza jina la kisayansi (Psittacus erithacus), namba ya pete ya mguuni au ya chipu, namba ya cheti, anwani anakotoka na anakokwenda. Namba zinakili kutoka kwenye pete na cheti vyenyewe, usiandike kwa kumbukumbu.

Kazi hasa ni kueleza makazi mapya. APHA hutaka ushauri wa JNCC, wataalamu wanaopima kama mahali hapo pana vifaa vya kumtunza ipasavyo. Ukiandika "kizimba kikubwa" hujawaambia kitu. Taja urefu, upana na kimo kwa mita, joto la chumba wakati wa baridi, chakula, nani atakuwa naye mchana, na daktari atakayemtibu. Eleza pia kama atakuwa na wenzake: ndege huyu huishi kwa makundi, na akiachwa mpweke mara nyingi hujinyonyoa manyoya mpaka kifua kikawa kitupu. Mimi ningeambatisha na picha.

Akiugua ghafla, mkimbize kwa daktari bila kusubiri kibali. Sheria inaruhusu, mradi arudishwe moja kwa moja palepale palipoidhinishwa. Kumpitishia kwa rafiki apumzike wiki mbili hakumo katika ruhusa hiyo.

Na kama makazi mapya yako Ireland ya Kaskazini, iambie APHA mapema. Tangu 2021 safari ya kuvuka bahari kwenda huko inadai hati zake za CITES, na kibali cha kuhama peke yake hakitamfikisha.