Kizuia malkia: hakikisha kwanza malkia yuko chini

Kizuia malkia ni wavu wenye nafasi za takriban milimita 4.2. Nyuki vibarua hupita, malkia hapiti, wala dume hapiti. Hukaa kati ya sanduku la chini la mzinga, wanamolelewa majana (watoto wa nyuki), na sanduku la juu, ili sega unalovuna liwe la asali tupu.

Usikiwahishe. Kundi lililoingia mzingani juzi halikihitaji. Subiri nyuki wafunike fremu (viunzi vya mbao wanamojenga masega) kama 8 kati ya 10 za chini, hali ambayo huku Dodoma utaitarajia mvua zikishashika na maua yamejaa porini.

Kazi kubwa ni kujua malkia aliko. Nyuki wetu ni wakali, na kumsaka fremu kwa fremu ni kuwachokoza hadi wahame. Kama masanduku yote mawili yana nyuki, nenda jioni, puliza moshi kidogo, weka kizuia katikati, funika. Rudi baada ya siku 4 au 5. Yai la nyuki huanguliwa siku ya tatu, kwa hiyo palipo na mayai mapya ndipo alipo malkia. Yakiwa juu, badilisha masanduku: lenye mayai liwe chini.

Majana yaliyobaki juu yatamalizika kutoka yakiwa nyuki kamili ndani ya siku 21 tangu yai kutagwa, ya madume 24. Hapa wengi hujisahau. Madume hao hawawezi kushuka; watafia kwenye wavu na kuuziba. Inua mfuniko kidogo jioni watoke. Kagua pia kama vibarua wa juu wameanza kujenga chumba cha malkia mpya, ukikikuta kikate.

Wavu ulale sawa, kingo zikae juu ya mbao bila mwanya. Kati yake na fremu ibaki nafasi ya milimita 6 hadi 9. Ikizidi watajenga masega, ikipungua wataiziba kwa gundi. Wavu uliopinda usiutumie, hata kidogo. Wa plastiki usiuache juani, utajikunja.

Nyuki wakisita kupanda, weka juu fremu moja yenye sega lililokwisha kujengwa.

Ukishavuna na kiangazi kimeingia, kitoe, kwangua nta na gundi taratibu bila kupinda nyaya, kihifadhi kivulini.