Harusi ya usiku wa nyota: navyoipamba mimi, kuanzia vipimo mpaka kushusha vitambaa

Bibi harusi wangu wa kwanza kutaka usiku wa nyota alikuja na picha kwenye simu, nikamwambia hiyo rahisi mdogo wangu, nikaenda Kariakoo nikabeba taa za Krismasi mpaka muuzaji akaniuliza kama nafungua duka. Tukafunga siku nzima. Saa kumi na moja jioni wageni wanaanza kuingia, nainua macho niangalie kazi yangu, sioni kitu, naona waya tu zimening'inia kama kamba za kuanikia nguo. Madirisha wazi, jua la Dar bado linachoma, halafu meneja wa ukumbi kawasha zile taa ndefu nyeupe zote. Nyota zilikuwepo ila usiku wa kuziweka haukuwepo. Tangu siku ile naanza na giza, taa zinafuata, na hata hapa nitawapeleka kwa mpangilio huohuo.

Hatua ya 1: Nenda ukumbini usiku

Watu wengi wanakwenda kukagua ukumbi mchana, wanapiga picha, wanalipa advansi wanaondoka. Wewe nenda saa mbili usiku. Muombe meneja azime mstari mmoja wa taa baada ya mwingine na uandike swichi ipi inazima wapi, kwa sababu kuna kumbi swichi moja inazima ukumbi, jiko na choo cha wanawake kwa pamoja, na hilo hutaki kuligundua siku ya harusi. Uliza pia kama zipo taa za dari ambazo mwanga wake unapunguzika, zikiwepo umebahatika.

Pima urefu, upana na kimo cha dari. Angalia madirisha yako upande gani. Dar jua linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasoro, inategemea mwezi, kwa hiyo kama sherehe inaanza saa kumi na mbili na madirisha yanatazama magharibi lazima uyazibe kwa kitambaa kizito, shifoni, kile kitambaa chepesi kinachoangaza, haizuii jua hata ukunje mara tatu.

Halafu feni. Jamani feni za dari! Kitambaa kikishuka kidogo tu feni inakivuta, na kikivutwa kinakuja na kila kitu. Feni zote zilizo juu ya mapambo zizimwe na swichi zake nizibe kwa tepu pana, niandike kabisa USIGUSE, maana kuna mjomba mmoja kila harusi anasikia joto na anajua swichi iko wapi. Na kwa kuwa umezima feni na kitambaa kinazuia hewa ya esii (kiyoyozi) isishuke vizuri, weka kwenye bajeti feni za kusimama, la sivyo watu watatoka jasho wakakumbuka hilo kuliko nyota zako.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla hujanunua

Tuchukue ukumbi wa mita 24 kwa 15, saizi ya kawaida tu. Mimi navuta kamba ya chuma katikati ya dari kwa urefu wote, halafu vitambaa na taa vinatoka hapo katikati kwenda ukutani, kushoto na kulia. Kutoka katikati mpaka ukutani ni mita 7 na nusu, ila kitambaa hakivutwi kikakaza kama ngoma, lazima kibonyee kidogo na kishuke ukutani, kwa hiyo kila kipande nakata mita 9.

Taa: mstari mmoja kila mita moja, yaani 24 kila upande, jumla 48, zile za mita 10 zenye vitaa 100. Ongeza tano za akiba. Watu wanaogopa umeme, lakini mstari mmoja wa LED wa aina hiyo unakula kama wati 6 hivi, zidisha kwa 48 unapata 288, haifiki hata theluthi ya pasi ya wati 1000. Kinacholeta shida ni kuunganisha, kila boksi limeandikwa mistari mingapi inaruhusiwa kuungwa kwa mkupuo, ukizidisha adapta inachemka. Soma boksi.

Kitambaa ndio kinakula hela. Upana wa mita 1.5 ukikunjwakunjwa vizuri unafunika mita moja, kwa hiyo ukumbi mzima ni vipande 48 vya mita 9, hiyo ni mita 432 za kitambaa. Kama bajeti ya kamati ni ya michango inayosuasua, mnazijua wenyewe, funika mita 8 tu za kati, juu ya jukwaa la kuchezea na meza kuu, unatumia mita 144. Pembeni acha taa peke yake bila kitambaa. Gizani hakuna atakayejua, nimefanya hivyo mara nyingi na picha zimetoka bomba.

Hatua ya 3: Rangi

Kila mtu anakimbilia nevi bluu juu mpaka chini. Sikatai, ila dari la nevi kwenye ukumbi mfupi linakukandamiza, unajisikia uko ndani ya turubai. Dari likiwa chini ya mita 4 mimi naweka kitambaa cheupe chepesi juu halafu naweka taa za sakafuni za kumulika ukuta, bluu iliyoiva, nyeupe inainywa ile bluu yote na unapata anga lenye kina. Faida nyingine kitambaa cheupe unacho tayari stoo, na kesho kinakwenda kitchen party ya mtu mwingine. Nevi halisi iache nyuma ya maharusi na kwenye vitambaa vya meza. Fedha kidogo, dhahabu kidogo, chagua moja. Ukichanganya zote mbili na bluu inakuwa sare ya timu.

Pazia la nyuma ya maharusi: taa za pazia za mita 3 kwa 3 zinakaa nyuma, mbele yake nevi nyepesi inayopitisha mwanga, kwa hiyo waya hazionekani kabisa.

Hatua ya 4: Jaribu taa kama vile huziamini

Hapa niwaambie kilichonikuta. Harusi imekwenda vizuri, maharusi wameshika kisu, MC anahesabu mpaka tatu, umeme ukakatika. Sekunde kadhaa jenereta likawaka, makofi, nikapumua. Nainua macho, mistari yote 48 ya nyota inacheza disko, kila mmoja na mdundo wake! Zile taa zenye kiboksi cha kubadilisha mitindo nyingi zina tabia hiyo, umeme ukikatika ukirudi zinarudi mtindo wa kwanza, na mtindo wa kwanza ni kuwakawaka. MC akaokoa jahazi akasema hata nyota zimefurahi, watu wakacheka, mimi niko juu ya ngazi nabonyeza viboksi kimoja kimoja huku keki inaliwa.

Kwa hiyo dukani mwambie muuzaji achomeke, weka mtindo wa kutulia, achomoe, achomeke tena. Ikirudi imetulia, nunua. Ikiwakawaka, rudisha, au tafuta zile zisizo na kiboksi kabisa. Ukifika nyumbani washa zote kwa masaa matatu au manne, yenye kipande kilichokufa weka pembeni.

Rangi ya mwanga nayo usichukue kama ilivyokuja. Ukiangalia angani nyota hazifanani, kuna za wekundu, kuna za weupe wa barafu. Mimi nachanganya, mistari mitatu myeupe kwa mmoja wa njano vuguvugu, ila juu ya meza kuu na jukwaani naweka njano tupu, ngozi zetu zinapendeza kwenye mwanga wa njano, kwenye mweupe mkali mtu anatoka kama kapauka.

Hatua ya 5: Kufunga

Anza asubuhi mapema na watu wasiopungua wanne, wawili juu wawili chini. Kamba ya chuma kwanza, kitambaa pili, taa mwisho. Kichwa cha plagi kiwe upande wa ukutani, ekstensheni zipite nyuma ya pazia la ukuta, ili kitu kikigoma ukifikie kwa mkono bila kuleta ngazi katikati ya wageni. Dari la gypsum usitoboe, meneja atakula diposti yako yote, funga kwenye nondo za madirisha, nguzo au ndoano zilizopo.

Sasa usizinyooshe taa kama mistari ya daftari. Zipishe, zirudi, ziache sehemu nyeusi tupu. Halafu kwenye baadhi ya mistari chukua vitaa vitano au sita vilivyo jirani uvifunge pamoja kwa kipande kidogo cha tepu, vinakuwa nyota moja kubwa. Ukifanya hivyo sehemu ishirini hivi dari linabadilika, linakuwa na nyota kubwa na ndogo kama juu kwenyewe.

Na hapa ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Waulize maharusi tarehe, halafu waweke anga la tarehe hiyo. Harusi ya Januari, usiku wa Dar Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizobanana, kiko juu upande wa kaskazini, na zile nyota tatu zilizojipanga mstari ziko juu pia. Harusi ya Julai unaweka makundi ya nyota ya Msalaba wa Kusini na Nge na mkia wake uliojikunja. Hutumii hela ya ziada, ni yale mafungu ya vitaa tu unayapanga kwa makusudi, chora kwanza kwenye karatasi. Niliwahi kuweka Kilimia juu ya meza ya wazazi, nyota saba zimebanana, sikumwambia mtu. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, mkulima, akanyoosha fimbo juu akamwambia mjukuu wake ile Kilimia ile, tukikiona tunajua habari ya mvua. Meza nzima ikainua shingo. Nilisahau hata deni ambalo kamati hawajanimalizia.

Hatua ya 6: Meza

Muombe fundi vioo akukatie vioo vya duara vya sentimita 30, weka katikati ya meza, juu yake chupa au jagi la kioo lenye taa za waya mwembamba wa shaba ndani. Kioo kinazirudufisha. Chukua zinazotumia betri tatu za kawaida, zile za betri za kidonge zinachoka kabla ya chakula. Ziwashe nusu saa kabla watu hawajaingia, sio mchana. Mishumaa ya moto hapana, sio chini ya mita mia nne za kitambaa.

Meza ya chakula iwe na mwanga wa kutosha, mtu aone anachopakua, hii biashara ya kuchota nyama gizani ukakuta tangawizi haifai. Na kila ngazi na kizingiti weka taa ndogo chini, wamama wana viatu virefu na mabibi wana magoti.

Hatua ya 7: Kaa na MC, DJ na mpiga picha

Kikao hiki wapambaji wengi wanakiruka. Andikeni ratiba ya mwanga pamoja na ratiba ya sherehe: wageni wanaingia, nusu ya taa za ukumbi. Maharusi wanaingia, zima zote zibaki nyota, hapo ndio watu watapiga kelele. Hotuba za wazazi, washa kidogo, wazee hawapendi kuongea na giza, niliwahi kuulizwa na mama mkwe wa watu kama tuko msibani. Chakula, washa. Keki na muziki, zima tena. Mtu mmoja akae kwenye swichi usiku mzima, mlipe, mpe na chakula.

Mpiga video mwambie mapema asije na ile taa yake ya kumulika kama tochi ya polisi. LED za bei rahisi kwenye kamera zinaleta mistari inayotembea, umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo aweke shata (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) 1/50 au 1/100 ya sekunde ajaribu mchana wakati wewe unafunga.

Kama harusi ni ya nje, Kigamboni au Bagamoyo huko, angalia mwezi kabla hujapanga. Mwezi mpevu unazimeza nyota za kweli, tarehe za mwezi mchanga ndio nzuri, na hapo punguza taa zako, juu kumeshapambwa.

Kushusha ni usiku uleule, kesho ukumbi una shughuli nyingine. Kila mstari uzungushie kwenye kipande cha boksi, usiuvurumishe kwenye kiroba, andika juu yake urefu, rangi, na kama unarudi umetulia umeme ukikatika. Ile mistari mitano ya akiba weka mfuko tofauti, na kitambaa kilichomwagikiwa soda kisikunjwe mpaka kifuliwe.