Kuchagua kanzidata kulingana na mfumo endeshi wa seva

Kabla hujaanza kulinganisha PostgreSQL na MySQL, jua kwanza seva yako ina nini. Kwenye Linux, `cat /etc/os-release` inakupa jina na toleo la mfumo endeshi, `uname -m` aina ya prosesa, na `free -h` kiasi cha RAM. Kwenye Windows Server, `systeminfo` inatosha.

Ukiwa na Linux, chukua kanzidata inayosambazwa na mfumo wenyewe. Debian 12 inakuja na PostgreSQL 15 na MariaDB 10.11 (MariaDB ni kanzidata iliyochipuka kutoka MySQL), Ubuntu 24.04 ina PostgreSQL 16 na MySQL 8.0. Ukiisakinisha kwa `apt`, marekebisho ya usalama nayo yatakuja kwa `apt upgrade`. Uliyoipakua kwa mkono utalazimika kuifuatilia mwenyewe, na wengi husahau.

Debian iliacha kutoa MySQL tangu toleo la 9, mwaka 2017: ukiomba `default-mysql-server` unapewa MariaDB. Programu nyingi za PHP hazitaona tofauti. Ila faili la SQL lililotolewa MySQL 8 huweza kugoma likiingizwa MariaDB 10.11, kwa kosa la `Unknown collation: 'utf8mb4_0900_ai_ci'`, yaani MariaDB haiijui kanuni hiyo ya kulinganisha maandishi. Tengeneza nakala ya faili hilo, kisha badilisha jina la kanuni hiyo kwa amri hii:

`sed -i 's/utf8mb4_0900_ai_ci/utf8mb4_unicode_ci/g' duka.sql`

Kinachowasumbua watu zaidi ni herufi kubwa na ndogo. Umeandika mfumo wa duka kwenye kompyuta ya Windows yenye XAMPP (kifurushi cha Apache, MariaDB na PHP), kila kitu kinakwenda sawa. Ukiupandisha kwenye VPS (seva pepe ya kukodi) ya Linux unakutana na hii:

`ERROR 1146 (42S02): Table 'duka.Wateja' doesn't exist`

Jedwali lipo, lakini linaitwa `wateja`. Kwenye Windows, mpangilio wa MySQL na MariaDB uitwao `lower_case_table_names` huwa 1: majina huhifadhiwa kwa herufi ndogo na herufi hazitofautishwi. Kwenye Linux huwa 0, na `Wateja` si `wateja`. (Majina ya safu wima, yaani columns, hayana shida hii popote.) Usikimbilie kubadilisha mpangilio huo kwenye seva: katika MySQL 8.0 huwekwa wakati wa kuanzisha kanzidata tu, na ukiubadilisha baadaye kanzidata inakataa kuwaka. Rekebisha msimbo wako; majedwali yote yawe kwa herufi ndogo tangu siku ya kwanza.

Windows Server inaingia pale programu yako inapodai SQL Server, kanzidata ya Microsoft. Toleo la Express ni la bure, lakini hadi SQL Server 2022 kila kanzidata ina kikomo cha GB 10. Ukikifikia, data mpya haiingii tena, kwa hiyo picha na PDF ziweke kwenye folda, ndani ya kanzidata hifadhi anwani zake tu. Kama hulazimiki kutumia SQL Server, PostgreSQL ina kisakinishi kizuri cha Windows. Yoyote utakayochagua, iambie antivirasi isikague folda ya data, la sivyo itashika mafaili wakati kanzidata inayahitaji. SQL Server inapatikana kwenye Linux pia tangu 2017, ila inataka RAM ya GB 2 kwa uchache, na Debian haimo kwenye orodha ya mifumo inayotambuliwa rasmi.

VPS ya GB 1? MariaDB au PostgreSQL inawezekana, lakini ongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 2. Kanzidata ikizimika yenyewe usiku, tafuta neno `oom` kwenye `journalctl -k`: ukilikuta, kernel (kiini cha Linux) imeiua kwa kukosa RAM. MongoDB, kanzidata isiyotumia majedwali ya SQL, kuanzia toleo la 5.0 kwenye prosesa za x86-64 hutaka AVX, seti ya maagizo ambayo prosesa nyingine hazina. Amri `grep -c avx /proc/cpuinfo` ikitoa 0, achana nayo.

Jambo la mwisho linawahusu wanaohama kutoka CentOS 7, ambayo msaada wake ulikoma Juni 2024. glibc (maktaba ya msingi ya Linux) toleo la 2.28 ilibadilisha mpangilio wa kupanga maandishi, na PostgreSQL kwa kawaida huutegemea. Ukinakili folda ya data moja kwa moja kwenye mfumo mpya, faharasa (index) za maandishi zinaharibika kimyakimya: mteja yupo, ukimtafuta kwa jina hapatikani. Hamisha kwa `pg_dump` na `pg_restore`. Kama umeshanakili folda, endesha `REINDEX DATABASE duka;` kabla ya kuwaruhusu watumiaji kuingia.