Kutia Hewa Kwenye Lambo Kubwa la Samaki

Lambo lenye kina cha mita 3 na zaidi hugawanyika matabaka. Jua hupasha maji ya juu, ya chini yanabaki baridi na mazito. Mabaki ya chakula na mwani uliokufa huozea huko mpaka oksijeni iishe, na gesi ya harufu ya yai viza hujikusanya. Mashine ya mapanga inayopiga maji juu inafaa bwawa la mita moja na nusu. Lambo hupuliziwa hewa kutoka chini. Viputo vinapopanda huvuta maji ya chini, na oksijeni nyingi huingia pale juu maji yanapokutana na hewa.

Anza na kina, maana ndicho kinachochagua kompresa, yaani mashine ya kusukuma hewa. Kila mita ya maji ni presha ya takriban bar 0.1. Diski (sahani ya kutoa viputo) ikikaa mita 4, unahitaji bar 0.4, kisha ongeza upinzani wa mpira wa kupitishia hewa na wa diski yenyewe: tafuta mashine inayohimili bar 0.6 mfululizo, usiku na mchana. Kompresa ya gereji usiiguse. Haikuundwa kukesha, na nyingi hupuliza mvuke wa mafuta majini.

Weka mashine yako kivulini, juu ya kiwango cha mafuriko. Hewa hutoka ikiwa moto, kwa hiyo mita 2 za kwanza ziwe bomba la chuma, la sivyo mpira utalainika na kuchomoka. Funga valvu ya kuzuia maji yasirudi, na geji ya presha.

Kwa ekari 2, diski nne ni mwanzo mzuri. Zitawanye sehemu zenye kina, zikae sentimita 30 juu ya tope kwenye fremu yenye uzito. Zikilala topeni zitatibua uchafu. Kila diski iwe na mpira wake na koki yake ufukweni. Hewa hufuata njia rahisi, na bila koki, diski iliyo kwenye kina kidogo itachukua yote.

Sasa sehemu inayoua samaki wengi: kuwasha. Ukiiacha mashine ikeshe siku ya kwanza, maji yasiyo na oksijeni yatapanda yote kwa pamoja, na asubuhi utaokota sato wanaoelea. Siku ya kwanza washa nusu saa tu, kuanzia saa 4 asubuhi, jua likiwa limeshaongeza oksijeni juu. Kila siku ongeza muda mara mbili: saa 1, 2, 4, 8, 16, kisha saa 24. Samaki wakianza kuhema juu, zima na urudi hatua moja nyuma. Umeme ukikatika siku kadhaa, anza upya.

Baada ya hapo usizime usiku ili kuokoa umeme. Mwani hauzalishi oksijeni gizani, na kiwango huwa chini kabisa karibu na alfajiri. Pima oksijeni wakati huo, kipimo kikiwa karibu na sakafu ya lambo: sato anataka miligramu 4 kwa lita au zaidi.

Geji ikipanda, diski imeziba, itoe uisugue. Ikishuka, kuna mpira unaovuja, au kichujio cha kuingizia hewa kimejaa vumbi. Kichujio kikague kila mwezi, kiangazi kila wiki.