Kumpiga picha mbwa pamoja na taswira yake majini

Ukitaka kumpiga picha mbwa wako pamoja na taswira yake majini, shusha kamera hadi karibu kabisa na uso wa maji, hata ikibidi ulale kifudifudi, kwa sababu kadiri lenzi inavyokuwa chini ndivyo maji yanavyoakisi mwanga zaidi na taswira kuonekana nzima, kuanzia makucha hadi masikio. Dimbwi lililoachwa na mvua linatosha. Chagua asubuhi mapema, ambapo kwa kawaida upepo huwa umetulia, kisha mketishe ukingoni wala si ndani ya maji, kwani akitikisa mguu tu mawimbi madogo huivunja taswira na itakubidi usubiri. Lenga jicho lake halisi. Taswira iko karibu umbali uleule kutoka kwenye kamera, hivyo nayo itatoka vizuri. Kama lenzi ina kichujio cha kuondoa mng'ao, kitoe, maana kinaweza kuifuta taswira yenyewe unayoitafuta. Zaidi ya yote, tafadhali usimlazimishe: mbwa mwenye hofu hulaza masikio na kufyata mkia, na hofu hiyo itaonekana juu na chini ya picha.